FAINI KUBWA, HONGO KUBWA ZAIDI

Kila damu inapomwagika barabarani, wakubwa hutuma risala za rambirambi, kisha hudai faini ziongezwe. Tumeisikia dawa hiyo mara nyingi mno. Sisi wa Roret, ambao hutoka katikati ya mashamba ya chai kuifuata barabara kuu ya Kericho na Sotik, tuna haki ya kuuliza: imemponya nani?

Tuanze makaburini. Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kuelekea magharibi mwa nchi lilipinduka karibu na Fort Ternan, likaua watu zaidi ya 50. Polisi walitangaza kwamba halikuwa na idhini ya kusafiri usiku. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza njia katika makutano ya Londiani, likawafagia wachuuzi, wapita njia na abiria. Hapo pia walikufa zaidi ya watu 50. Misiba yote miwili iliifika Kaunti yetu ya Kericho, miaka mingi baada ya Bunge kuifanyia Sheria ya Trafiki marekebisho ya mwaka 2012 yaliyozidisha ukali wa adhabu. Dereva mlevi anakabiliwa na faini ya hadi shilingi 100,000. Kanuni za mwaka 2016 zilimwekea anayezidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa faini ya shilingi 10,000. Vitabuni, ukali upo. Lakini lile basi la Fort Ternan lilisafiri usiku kucha bila idhini. Je, njia yote hiyo halikukuta kizuizi hata kimoja?

Ndugu msomaji, mwaka 1764 Mwitalia Cesare Beccaria aliandika kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Adhabu ndogo isiyokwepeka hutisha kuliko adhabu kubwa inayonunulika. Kwetu adhabu hununuliwa hadharani. Faini ikiwa shilingi 500, dereva hana sababu kubwa ya kuhonga. Ikiwa 10,000, atatoa 1,000 kwa moyo mkunjufu na kujihesabu mwenye bahati. Basi anayepandisha faini pasipo kumsafisha askari hupandisha bei ya kitu kidogo, wala hazina ya taifa haioni senti.

Huku si kuwasingizia askari. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki, kumbukumbu za M-Pesa zilifichua fedha zilizokuwa zikitumwa na askari wa chini kwa wakubwa wao. Uozo haukuanzia kwenye kizuizi. Ulikuwa na ngazi, na fedha zilipanda ngazi hiyo.

Tena, faini humwangukia nani? Matatu nyingi huendeshwa kwa hesabu: jioni dereva lazima ampelekee mwenye gari kiasi alichowekewa, abiria wawepo wasiwepo. Ndiyo sababu hukimbia na kushindilia watu. Akitozwa faini, kesho atakimbia zaidi ili aifidie. Mwenye gari, aliyeweka hesabu hiyo, hasimami mbele ya hakimu. Je, hii ni haki, au ni kumchapa punda kwa kosa la aliyemtwika mzigo?

Wapo watakaotujibu kwa jina la marehemu John Michuki. Kanuni zake zilipoanza kutumika Februari 2004, je, matatu hazikutii? Zilitii, nasi tunakiri. Lakini zilitii kwa sababu gani? Gari lisilo na kidhibiti mwendo na mikanda liliondolewa barabarani, awe mwenyewe mnyonge au mheshimiwa. Kwa muda, uhakika ulikuwepo. Msako ulipolegea, mikanda ikachakaa na vidhibiti vikachezewa. Mfano wa Michuki unatetea uhakika, hautetei faini kubwa.

Lipo funzo jingine, nalo ni letu wananchi. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu, zilizochaguliwa kwa kura, vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva mzembe. Madai ya bima ya magari hayo yalipungua kwa takriban nusu. Baadaye kampeni hiyo ilipewa jina Zusha! Hakuna faini iliyopandishwa. Abiria walifungua vinywa tu.

Basi nasi tujihukumu. Jumapili tunaimba juu ya haki, Jumatatu tunabanana wanne katika kiti cha watatu na kunyamaza. Utingo anapompa askari noti iliyokunjwa, tunatazama dirishani. Nabii Amosi aliwakemea waliopokea rushwa langoni; leo lango ni kizuizi cha barabarani, nasi tumo ndani ya gari.

Kwa hiyo tunadai haya. Faini ziwe za wastani, zilipwe mahakamani au kwa njia nyingine ya serikali yenye stakabadhi, zisiguse mkono wa askari kamwe. Mwenye gari ashtakiwe pamoja na dereva wake. Wachuuzi wa makutano wajengewe soko mbali na lami, kwa maana hakuna faini itakayozuia lori lililokwisha kupoteza njia. Na kila mwananchi aijue Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010: asiwekwe rumande mtu ambaye kosa lake adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Anayetishiwa seli ili atoe hongo, na alitaje neno hilo kwa sauti.

Tulipopigania vyama vingi, hadi kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, hatukuomba adhabu kali zaidi kwa wanyonge. Tulidai kila mwenye mamlaka awajibike. Dai hilo halijazeeka. Kesho asubuhi utakapopanda matatu kwenda Litein au Kapkatet, na dereva akaanza kuruka matuta, usingoje Bunge. Sema.