Kuku Anakula Omena, Wewe Unaogopa Harufu

Wasee, tuongee kidogo kuhusu zile video za kukata mafuta. Unazijua. Jamaa yuko kwa jikoni jeupe kama la hoteli, amepanga vijisanduku vitano, kila kimoja kina kifua cha kuku, brokoli na wali kijiko kimoja. Akimaliza anachota unga wa protini kutoka kwa mkebe mkubwa kama ndoo ya rangi. Wewe unaangalia hiyo video ukiwa kwa mat ya Githurai, mfukoni una mia mbili hamsini ya kukufikisha kesho. Unajiambia basi, mwili wa hivyo ni wa watoto wa Kileleshwa. Unashuka stage, unanunua smokie mbili.

Mimi nakataa hiyo hadithi. Protini ya kutosha iko hapa hapa mtaani, na iko bei yetu. Chakula chetu hakina makosa. Kinachotuharibia ni vile tunakipakua, na aibu.

Nianze na hiyo aibu, kwa sababu ndiyo ghali zaidi. Omena iliyokaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini, mara nyingi hata zaidi. Unaila nzima na mifupa yake, kwa hivyo unapata kalsiamu pia. Lakini uliza kijana wa Nairobi kama anaweza kupiga picha sahani ya omena akaiposti. Thubutu! Ati ni chakula cha njaa, ati keja itanuka. Sasa sikiza: omena nyingi inayotoka Ziwa Victoria haifiki kwa sahani ya mtu. Inasagwa ikawa chakula cha mifugo, kuku wakiwemo. Yaani kuku analishwa omena, halafu wewe unaenda kununua kifua cha huyo kuku kwa bei mara kadhaa, ndiyo uonekane unakula safi. Nani mjanja hapo? Kuku.

Na huo unga wa mkebe si sumu, msinielewe vibaya. Ni maziwa tu yaliyotolewa vitu vingine yakabaki protini. Lakini mkebe wa kilo mbili unaweza kula kodi ya bedsita mwezi mzima, na nimeona watu wakifuliza ili waununue. Kuna kampuni iliwahi kuniandikia, wanipe kodi yangu ya punguzo, kila mkinunua nipate asilimia yangu. Nilikataa. Nusu ya mnaonisoma mnaishi kwa pesa ya HELB, na mala iko dukani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado naiweza. Gramu moja ya protini ina kalori 4, ya wanga pia 4, ya mafuta 9. Kwa hivyo adui wa kwanza si ugali, ni kibuyu cha mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, na mpishi wa kibanda hapimi na kijiko, anamimina. Mayai manne ya kuchemsha yana kama kalori 290 na gramu 24 za protini. Yakaange kwa vijiko viwili vya mafuta na umeongeza zaidi ya kalori 200 bila protini hata kidogo. Yule jamaa wa mayai na kachumbari pale stage jioni anakusaidia kuliko mwenye smokie, na kwa mayai huhitaji kujiuliza ndani kuna nini.

Anayepunguza uzito bila kutaka kupoteza misuli, kipimo kinachotumika sana ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku. Una kilo 65? Tafuta kama gramu 104. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu ukila kidogo kuliko unavyotumia, mwili unajitafutia nguvu kwingine. Unachoma mafuta, ndiyo, lakini pia unavunja misuli, kwa sababu misuli ni ghali kuitunza. Vitu viwili vinauambia uiache: protini ya kutosha, na kuitumia hiyo misuli kwa kazi nzito. Protini pia inashibisha, kwa hivyo saa nne usiku hutajikuta umesimama dukani ukiangalia mkate kama mpenzi wako wa zamani.

Binamu yangu alikaa wiki kadhaa akila tikiti maji, matango na chai ya rangi. Uzito ulishuka kweli, watu wakamsifu, mashangazi wakaacha yale maneno yao ya "umenona." Halafu maji yakapotea kwa ploti, ikabidi abebe mtungi wa lita 20 hadi orofa ya nne. Mwezi uliotangulia alikuwa anaupandisha bila kusimama. Sasa alipumzika kila orofa. Mizani ilikuwa imemwambia amepungua, lakini haikuwa imemwambia amepungua nini. Hiyo ndiyo sababu sipendi hizi "siku saba kilo saba." Sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji, na nyingine ni ile nguvu uliyokuwa ukibebea maisha.

Sasa sahani. Kibanda chetu kinapakua kinyume: wanga mlima, protini pambo. Chapo tatu na madondo ya kulowesha tu. Geuza. Mwambie mathe, "Nipe madondo mbili, chapo moja." Atakuangalia vibaya siku ya kwanza, baadaye atakuzoea. Ndengu iliyopikwa ina kama gramu 7 za protini kwa kila gramu 100, kwa hivyo sahani mbili za nguvu zinakupa 28 hivi. Ukweli mwingine: ndengu na madondo pia zina wanga wa kutosha. Ukitaka kutoa protini yote ya siku hapo, tumbo litakushtaki na jirani wa bedsita atahama. Changanya.

Siku yangu ya kawaida, kwa mtu wa kama kilo 65: asubuhi mayai matatu ya kuchemsha na chai ya rangi bila sukari. Mchana hiyo ndengu mbili, chapo moja. Saa kumi nusu lita ya mala, ile isiyo na sukari, kama gramu 16. Usiku omena, sukuma nyingi kadri unavyotaka, na ugali wa unga gramu 100, yaani kama ngumi yako. Omena sina mizani ya kupimia: nanunua robo kilo, naigawanya mara nne, kila fungu linanipa kama gramu 30 za protini. Naiosha kwa maji moto mara mbili kutoa mchanga na harufu, naichemsha kidogo, kisha nyanya, kitunguu, dhania na kijiko kimoja cha mafuta. Kimoja. Jumla inakuja protini gramu 105 hivi na kalori kama 1,900. Wengi wa kilo hizo wanaotembea na kufanya mazoezi watapungua polepole hapo, kama nusu kilo kwa wiki. Ukiwa na mwili mdogo zaidi, toa chapo kwanza, protini iache.

Mazoezi: pushapu, kuchuchumaa na mtungi uliojaa, mara tatu kwa wiki. Jim ukiweza, sawa.

Kama figo zina shida, ongea na daktari kabla ya kuongeza protini. Na kama bado uko sekondari, usikate kalori hivi, mwili wako bado unajenga. Wewe ongeza mayai na maharagwe, punguza soda, cheza mpira.

Kuna wanaoniambia, "Mimi naishi kwa mum, yeye ndiye anapika." Naelewa. Usimwambie uko kwa dayati, atauliza unaumwa nini, na ukiacha ugali kwa sahani atadhani umegombana na mtu. Jitolee kupakua. Hapo ndipo mambo yote yanaamuliwa: kijiko cha ugali kimoja badala ya viwili, mboga ijaze nusu ya sahani, na maharagwe uyachote kutoka chini ya sufuria, si mchuzi wa juu. Ijumaa ukipata kitu kidogo, nunua robo ya omena umletee. Mum wangu aliishi Kisumu miaka mingi kabla hatujakuja huku, na hakuwahi kuniuliza mambo ya harufu. Aliuliza tu kwa nini nimeleta kidogo.