Vikao vya Kazi na Watu Wasiojuana

Katika ofisi, shule na karakana nyingi, hapa Mwembesongo na kwingineko Morogoro, wafanyakazi hukutana mara moja kwa juma. Mwenyekiti hufungua kikao, hesabu husomwa, maagizo hutolewa, kisha kila mtu hushika njia yake. Kikao cha namna hiyo chaweza kufanywa mwaka mzima, na bado karani asijue kuwa mwenziwe wa meza ya pili anamwuguza mama yake huko Matombo.

Sisi twaona jambo hilo ni hasara, wala si hasara ya moyo tu. Mtu asiyemjua mwenziwe huona haya kumwuliza asilolijua, na huogopa kumwonya akosapo. Mtambo ukianza kulia vibaya atanyamaza, akingoja mkubwa agundue mwenyewe.

Waraka wa Rais Nambari 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi ubabe juu ya walio chini yao. Nia ilikuwa njema. Lakini waraka waweza kumpa mtu kiti katika kikao. Hauwezi kumpa rafiki.

Waluguru hawakungoja waraka. Wanao utani, baina ya ukoo na ukoo, na baina yao na makabila mengine. Mtani humdhihaki mwenziwe hadharani pasipo ugomvi, na siku ya msiba ndiye afikaye kushika kazi za mazishi. Mwaka 1963 mtaalamu wa Kimarekani, James Christensen, aliuandikia makala utani huo (wenyewe walikuwa wakiujua tangu zamani bila ya makala). Ruhusa ya mzaha imefungwa pamoja na wajibu wa kusaidia, na tena mzaha huo ni wa pande mbili. Mkubwa amchekaye tarishi asiyethubutu kumjibu hafanyi utani, anamwonea.

Hatusemi kikao kigeuzwe ngoma. Twasema dakika 10 za mwanzo, kabla ya hesabu kusomwa, ziwe za watu: nani kapata mtoto, nani kafiwa, shamba la nani limeharibiwa na mvua. Mkubwa naye aseme habari zake, tena awe wa kwanza, maana akikaa kimya kama hakimu wenziwe watadhani wanahojiwa. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Habari za ugonjwa ni mali ya mgonjwa, zisiandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Watakuwako wa kutuambia kuwa huo ni upotevu wa wakati. Kweli, watu 12 kwa dakika 10 ni saa 2 za kazi kila juma, nasi hatuzifichi. Lakini na wazihesabu pia saa ziishazo kwa barua za malalamiko baina ya vyumba viwili vinavyopakana, na kwa kazi iliyorudiwa kwa sababu aliyeliona kosa alinyamaza.

Liko pia jambo la viti. Mara nyingi mkubwa huketi nyuma ya meza yake, na wengine hupangwa mbele yake kama wanafunzi. Viti na vipangwe mviringo. Na mhudumu aletaye chai, ambaye desturi yake ni kuiweka na kutoka, naye apewe kiti. Huenda akawa anazijua habari za jengo zima kuliko mwenyekiti.