Plagi ya plazma: wenye mitaji midogo wasikimbilie

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, wafanyabiashara wa Kabanga wana sababu ya kusikiliza. Petroli inayouzwa Kasulu imebeba gharama ya safari ndefu kutoka bandarini, na gharama hiyo huishia kwenye nauli na kwenye bei ya gunia la maharage. Ndiyo maana habari ya kifaa cha kupunguza mafuta hupata wasikilizaji haraka.

Kimoja cha vifaa hivyo ni uwashaji wa injini kwa plazma ya mikrowevu. Plagi ya kawaida hutoa cheche mahali pamoja tu ndani ya silinda. Mfumo huu huongeza mawimbi ya aina ile ya jiko la mikrowevu, cheche ikapanuka, na hata mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo ukawaka vizuri. Kampuni za Imagineering ya Japani na MWI ya Ujerumani zimeufanyia kazi, na watetezi wake wametaja akiba ya hadi asilimia 30.

Hesabu hiyo haimfikii kila mtu. Fuso linalobeba mazao hutumia dizeli, ambayo huwaka kwa joto la mgandamizo. Halina plagi ya kubadilisha. Noah, Probox na bodaboda zina plagi, lakini akiba hutokana na kupunguza petroli, si plagi peke yake. Injini ya kawaida hupimiwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kipimo hicho kikibaki palepale, mwenye gari atakuwa amenunua cheche ya bei ghali tu. Kukibadili ni kazi ya kompyuta ya injini, na bodaboda nyingi za kabureta hazina kompyuta hiyo.

Kwa hiyo mwenye duka la spea asifunge mtaji wake katika boksi lolote lenye neno "plazma", wala mwekezaji asinunue hisa kwa ahadi ya asilimia pekee. Teknolojia hii isubiriwe ije ndani ya gari kutoka kiwandani. Kwa sasa faida iko kwenye plagi halisi ya namba sahihi, chujio safi la hewa, matairi yenye upepo wa kutosha, na gari lisilorudi tupu.