Mwali si Unguja ndogo

Shemeji yangu wa Dar es Salaam anataka kwenda Mwali, kisiwa kilicho kidogo kuliko vyote katika Muungano wa Komoro, ambacho ramani nyingi hukiita kwa jina la Kifaransa, Mohéli. Anataka kuona kasa, nyangumi na msitu. Hapo hana kosa. Kosa limo kwenye karatasi aliyonitumia, yenye mashauri aliyoyaokota kazini, msikitini, na kwa binamu yake aliyewahi kulala Moroni usiku mmoja akisubiri ndege. Nimeisoma mara mbili. Karibu kila shauri linaichukulia Mwali kama Unguja iliyopunguzwa ukubwa. Nimemjibu, na majibu nayaweka hapa, maana sidhani kama ni yeye peke yake aliyeambiwa hayo.

Juu kabisa kuna onyo: "Ni kisiwa cha volkano, mlima unaweza kulipuka mkiwa huko." Mlima huo upo, ila hauko Mwali. Ni Karthala, wenye mita 2,361, nao uko Ngazidja, kisiwa kikubwa chenye mji mkuu, Moroni. Ulilipuka mwaka 2005, ukarudia 2006 na 2007, na majivu ya 2005 yaliharibu maji ya mvua ambayo vijiji vilikuwa vimeyakinga kwenye matangi. Mwali nayo ilizaliwa na moto, lakini ni moto uliozimika zamani sana, na mvua za miaka mingi zimeuchonga mlima hadi kilele chake hakifiki mita 800. Tofauti hiyo utaiona kwenye maji. Ngazidja lava yake ni changa, inanyonya mvua yote, na kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Mwali vijito vinashuka bondeni na wanawake wanafulia humo. Lenye haki katika onyo hilo ni moja tu: ndege ya Dar inatua Hahaya, na Hahaya iko kwenye kisiwa cha Karthala. Uliza habari za mlima kabla ya kuondoka, kama unavyouliza habari za mvua.

Shauri la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Nendeni Desemba, shule zimefungwa." Shule zimefungwa, sawa, lakini kaskazi imefunguka. Wakomoro wanahesabu majira kwa pepo zile zile tunazozijua sisi wa pwani: kaskazi, yenye joto, mvua na bahari ya kubahatisha, tangu Novemba hadi Aprili, na kusi, kavu na ya baridi kidogo, tangu Mei hadi Oktoba. Kimbunga nacho huja wakati wa kaskazi. Kenneth kilipita Komoro Aprili 2019. Chido kiliivunjavunja Maore, jirani wa karibu, tarehe 14 Desemba 2024, wiki zile zile ambazo shemeji alikuwa amezipigia mstari. Sisemi kila Desemba ina kimbunga. Nasema familia yenye watoto wawili na tiketi zisizobadilishika haina sababu ya kucheza bahati nasibu hiyo.

Tena nyangumi anaowataka hawako Desemba. Nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka bahari za barafu za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu, na kwa Komoro msimu wao ni Julai hadi Oktoba. Kwa hiyo Agosti, na shule zetu nyingine huwa na likizo fupi wakati huo. Kusi nayo ina lake: inavuma kutoka kusini-mashariki, na visiwa vidogo vya mbele ya Nioumachoua, ambavyo kila mgeni anavitaka, viko pwani ya kusini. Boti huondoka asubuhi kabla upepo haujapanda. Anayeamka saa tatu akidai chai kwanza atalowa, au atabaki.

"Siku mbili zinatosha, kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba mia tatu." Hesabu ya eneo ni sahihi. Isiyo sahihi ni kudhani kwamba udogo wa nchi ni ufupi wa safari. Barabara inapanda, inashuka, inazunguka, na vitu anavyovitaka haviko mahali pamoja wala havionekani saa moja. Kasa ni wa usiku, upande wa mashariki, Itsamia. Visiwa vidogo ni vya asubuhi, kusini. Popo wa Livingstone, ambaye duniani kote yuko Mwali na kisiwa jirani cha Nzwani tu, analala kwenye miti mikubwa ya mabonde ya juu, na kumfikia ni kupanda kwa jasho na mwenyeji anayejua njia. Popo huyo mabawa yake yakitandazwa yanakaribia mita moja na nusu, naye haogopi mchana: anaelea juu ya bonde kama mwewe. Msitu huo huo una komba, ambao si komba wetu wanaolia usiku. Ni lemuri, jamaa wa wale wa Madagaska. Na una bundi asiyepatikana penginepo popote, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1998 tu. Ongeza ziwa la Dziani Boundouni, lililotulia ndani ya kinywa cha volkano ya kale. Siku sita ndizo za chini, na ningeomba nane, kwa sababu moja au mbili bahari itazichukua bila kukuuliza.

Sasa kasa, kwa sababu hapa karatasi ina madai mawili na yote yananiudhi. La kwanza: "Kasa wana msimu wao, mkiukosa hamuoni kitu." Itsamia kasa wa kijani hutaga mwaka mzima, na ufuo wake ni kati ya maeneo makubwa ya kutagia katika upande huu wa Bahari ya Hindi. Miezi mingine wanapanda wengi zaidi, lakini usiku mtupu ni nadra. Kinachoamua ni maji. Mwamba wa ufuoni hapo unaanikwa maji yakipwa, na mnyama mzito namna ile hajiburuzi juu ya mawe kwa hiari. Anasubiri maji yajae. Ndiyo maana wenyeji wanaposema "tutatoka saa tano" leo na "saa saba" kesho kutwa, hawakuzungushi. Wanafuata maji. Babu yako mvuvi angekuelewesha hilo kwa sentensi moja.

La pili: "Tochi ya simu haina neno, washeni mpige picha." Lina neno sana. Kasa jike anayepanda akiona mwanga hugeuka akarudi baharini na mayai yake. Watoto wanaotoka mchangani hutafuta upande ulio na mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari inayong'aa usiku. Ukiwasha simu nyuma yao, wanakufuata wewe, na wanaofuata mwanga wa nchi kavu huliwa na kaa na kunguru kabla ya adhuhuri. Utaratibu uko wazi: kaa kimya mbali mpaka amekwisha kuchimba na ameanza kutaga, kisha mwongozaji atakusogeza kwa nyuma, kwa taa nyekundu hafifu. Atataga mayai mia moja na zaidi, atafukia, ataburuza mwili wake kurudi. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa mbili, na watoto wa shemeji wataona kwamba ni ndefu. Picha ni alfajiri, kwa kasa aliyechelewa kurudi baharini. Mara nyingine yupo.

Nawaambia pia wanaonong'ona kwamba ulinzi huu ni mambo ya wazungu: wanakijiji wa Itsamia walianza kulinda kasa wao kabla hifadhi ya bahari ya Mwali haijaundwa mwaka 2001, na hifadhi yenyewe iliundwa kwa makubaliano na vijiji vya pwani. Mwaka 2020 kisiwa kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za bayosfia. Hata hivyo majangili wa nyama ya kasa hawajaisha. Ufuo wenye mgeni anayelala kijijini na kulipa mwongozaji wa kijijini ni mgumu zaidi kwao, kwa hiyo hoja ya "tukae hoteli ya mjini Fomboni, tuje Itsamia kwa gari usiku mmoja" naikataa kwa sababu hiyo pia. Vijiji vina vibanda vya wageni. Maji ya kuoga ni ya ndoo mara nyingine. Mtazoea.

"Lazima ujue Kifaransa." Kinasaidia kwenye karatasi za serikali. Lakini Shimwali ni lugha ya ukoo mmoja na Kiswahili, na mtu wa Dar akitega sikio siku mbili anaanza kuokota. Wao wanasalimia "bariza", unajibu "ndjema", na hapo tayari umesikia habari za na njema zikiwa zimevaa kanzu nyingine. Tahadhari ni kwa maneno yanayofanana yasiyo sawa. Komba nimekwisha kumtaja. Ukisikia "marahaba", mtu huyo hakuitikii shikamoo, anakushukuru.

"Ni ghali kama Shelisheli." Shelisheli atakalokutana nalo Mwali ni lile la kuchoma, na ni tamu. Gharama kubwa ni kufika. Kijijini ni samaki, wali, ndizi. Ila abebe taslimu, tena euro: faranga ya Komoro imefungwa kwayo, euro moja ni faranga 492 kasoro kidogo, na kutegemea kadi ya benki kule ni kutegemea kivuli cha mvumo. Malaria: ameambiwa imekwisha. Mwaka 2007 kisiwa kizima kilipewa dawa kwa pamoja na wagonjwa walipungua sana, lakini kupungua siyo kwisha. Chandarua na dawa ya kinga. Mavazi: ni vijiji vya Waislamu, nguo ya kuogelea ni ya kwenye visiwa vidogo. Hili hakuhitaji kuambiwa na mimi.

Limebaki la boti. "Kivukieni Chindini, ni mwendo mfupi tu." Chindini ni kusini mwa Ngazidja, na boti za faiba zinavuka kutoka hapo hadi Hoani, pwani ya kaskazini ya Mwali. Mwendo ni mfupi bahari ikilala. Ikiamka, ule ni mkondo wa bahari kuu, na boti iliyojaa magunia ya saruji na kuku haina ubavu wa kubishana nao. Wenyeji wanavuka kwa sababu hawana njia nyingine wanayoimudu. Yeye anayo. Kama lazima avuke, iwe asubuhi, kila mmoja avae jaketi la kujiokolea, na nahodha akisema leo hapana, asimwongezee pesa.

Jana usiku alijibu kwa mstari mmoja: dada yangu hapandi boti, je, kuna ndege? Ipo, ndogo, kati ya Ngazidja na Fomboni, na ratiba yake hubadilika kama mkeka wa baraza. Nimemwambia aweke siku mbili tupu Moroni mwishoni, kabla ya ndege ya Dar, na akale pweza.