Ramani ya droni ianzie chini



Tangu mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, na tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopanda mpaka kuingia nyumba za Uvira, kila mtu anataka ramani ya kando ya ziwa. Ni sawa. Lakini sisi wataalamu wa kilimo tunasema: ramani ya droni isiyo na alama za chini, msiipokee.

Juu ya nini? GPS ya droni ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa, zaidi kwenye kimo. Kule milimani mita mbili si kitu. Huku, kutoka Kavimvira mpaka Ruzizi inapoingia ziwani, ardhi ni tambarare: ziwa likipanda mita moja tu, maji yanaingia mbali kwenye mpunga na matete. Ramani iliyokosea kimo itaonyesha shamba kavu kuwa bwawa, na bwawa kuwa shamba. Na siku ya kuamua matete gani yaachiwe samaki wazalie, na nani aendelee kulima, wakubwa watasoma ile ramani.

Dawa iko. Kabla droni haijaruka, tunatandika chini alama zinazoonekana toka juu, kama kitambaa cheusi na cheupe, na kila moja inapimwa kwa GPS ya wapimaji, inayokosea sentimita chache tu. Zisipungue tano: nne kwenye pembe, moja katikati. Zisipangwe mstari mmoja kando ya maji. Zipande mpaka nchi kavu, maana picha za maji matupu haziungani vizuri. Nyingine mbili tatu ziachwe nje ya hesabu, zitumike kujaribu kama ramani inasema kweli.

Kuko watu wanaosema kazi hiyo inakula siku na faranga. Ndiyo, inakula. Lakini mradi ukiisha droni inaondoka nao. Kinguzo cha simenti kilichopimwa kinabaki, na mwaka ujao picha mpya zitafungwa palepale. Hapo ndipo tutajua ziwa limekula mita ngapi, na matete yamerudi wapi.

Basi, koperative ikiombwa ruhusa ya kurusha droni, iulize kwanza: alama ni ngapi, zitakaa wapi, nani atazilinda? Mahali maji hayafiki mnapajua ninyi kuliko sisi. Alama tuziweke pamoja, na nakala ya vipimo ibaki mikononi mwenu.