Mstari Mwekundu Usio na Kosa
Na Saida Mbarouk Khatibu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika programu yake ya Python, anaiendesha, inampa jibu sahihi. Akirudi kwenye kihariri anakuta mstari wa juu kabisa umepigiwa wino mwekundu, kwamba maktaba aliyoiita haipo. Anaifuta, anaisakinisha tena, wino uko palepale. Wala hajakosea. Kompyuta ina Python mbili, moja ya mfumo mzima na nyingine ya mradi wake, na kihariri kinaitazama ile isiyo na maktaba hiyo. Kukielekeza kwenye Python ya mradi ni kazi ya dakika moja, kwa anayejua.

Kwa kutojua huko nalaumu namna tunavyofundisha. Siku ya kwanza tunamkabidhi mtu kihariri kilichokwisha kupangwa na mwingine, kisha tunakimbilia vigeu na vitanzi, kana kwamba chombo anachofanyia kazi hakimhusu.

Kihariri chenyewe hakijui Python, wala Java, wala C. Kinajua herufi. Kikiona jina la faili linaishia na .py, kinachukua kanuni zake za Python na kupaka maneno rangi, na kinajua desturi ya kusogeza mstari ndani kwa nafasi 4. Basi. Rangi si ufahamu. Neno litang'aa vizuri tu hata kama programu nzima haina maana. Ufahamu unatoka kwa programu nyingine kabisa, seva ya lugha, inayousoma mradi kwa pembeni na kukitumia kihariri taarifa: hapa umepeleka namba mahali panapotaka maandishi, funksheni hii imeandikwa kwenye faili lile.

Zamani kila kihariri kilitengenezewa ufahamu wake peke yake. Vihariri 5 kwa lugha 10 ni kazi 50, nyingi zikiishia njiani. Mwaka 2016 Microsoft, Red Hat na Codenvy walitangaza itifaki moja ya mazungumzo kati ya kihariri na seva, na zile kazi 50 zikawa 15. Ndiyo maana leo clangd ya C, gopls ya Go na rust-analyzer ya Rust zinaitika ukiwa VS Code, Emacs au Neovim.

Vim, mzee aliyetoka mwaka 1991, hadi leo hana uwezo huo ndani yake. Lazima umwongezee kiendelezi. Lakini ana kanuni za rangi za mamia ya lugha, na kwenye kompyuta ya maabara yenye RAM ya GB 4, ambako VS Code, seva na kivinjari vikifunguliwa pamoja feni inaanza kulia, hizo pekee zinatosha kufanyia kazi. (Ukimfungua mtupu anakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Mtunzi wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 2023, aliwahi kufanya kazi Kibaale, kusini mwa nchi hiyo.)

Ningekuwa na wiki ya kwanza ya kozi, ningeanza na kihariri kitupu. Wanafunzi wabadili jina la faili kutoka .py kuwa .txt waone rangi zikitoweka. Wasakinishe seva wenyewe, kisha waivuruge makusudi: wafungue faili moja badala ya folda nzima ya mradi, waone inavyopotea njia.

Na seva yenyewe ningeichagua kwa uangalifu. Pylance, ambayo wengi huletewa pamoja na kiendelezi cha Python cha VS Code, leseni yake inairuhusu ndani ya bidhaa za Microsoft tu. Anayehamia kwingine anaiacha mlangoni. Pyright, ambayo Pylance imejengwa juu yake, ni programu huria na inakubali kihariri chochote kinachoijua itifaki ile. Darasani kwangu ingekuwa Pyright.