Mzee akianza kusahau, bima yake ya maisha isisubiri

Wakulima wenzangu, leo tuviache kidogo viwavijeshi na mbolea ya kukuzia. Nataka tuongelee bima ya maisha ya mzazi aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Msione nimetoka nje ya mada. Wengi wenu mnalima kibiashara kwenye shamba la baba au mama, na mikopo mingine imeandikwa jina lake. Karatasi zake zikivurugika, mradi wako nao unayumba.

Kwanza tukubaliane kwamba huu ni ugonjwa, sio uchawi. Kitaalamu unaitwa demensia. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwakuta nao watu kama 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Hai ni kwa wakulima wa kahawa na migomba, kwa hiyo tusiseme mambo haya ni ya Ulaya.

Msimamo wangu ni huu: bima ya mzee ishughulikiwe mapema, familia yote ikijua, na kwa faida yake mwenyewe.

Tuanze na ada. Mzee anayesahau dawa atasahau na ada ya bima. Mikataba mingi inatoa kama siku 30 za nyongeza, baada ya hapo bima inaweza kufa. Ukitaka kuifufua, mara nyingi kampuni inadai taarifa mpya za afya, na hapo mgonjwa wa demensia anakwama. Miaka ya kujinyima inapotea hivihivi. Kwa hiyo tafuta hati ya bima, andika namba yake na tarehe za kulipa. Mtoto mmoja alipe, mwingine atunze risiti. Iulizeni kampuni kwa maandishi kama mkataba una kipengele cha kusamehe ada mwenye bima akipata ulemavu wa kudumu, au kama kinga inaweza kupunguzwa ili isidaiwe ada tena. Msikimbilie kuivunja bima, maana ukivunja mapema unachopata kinaweza kuwa kidogo kuliko ulichochangia.

La pili ni saini, na hapa ndipo vijana tunapoharibu. Kijana mmoja aliniuliza baada ya mafunzo: mzee hatambui tena watu, je, akiweka dole gumba si inatosha ili bima ivunjwe anunue pampu ya umwagiliaji? Nilimjibu hapana, na nawajibu nyote hivyohivyo. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, asiyeelewa anachokubali hana uwezo wa kuingia mkataba. Dole gumba la namna hiyo ni kesi inayosubiri ndugu mmoja tu akasirike. Na kumlipia ada hakukufanyi uwe mwenye bima, wala hakukupi haki ya kubadilisha wanufaika.

Sheria hiyohiyo inatambua kwamba mtu anayepotewa na akili kwa vipindi anaweza kuingia mkataba wakati akili imetulia. Mzee aliye hatua za mwanzo bado ana sauti. Mpelekeni hospitali apimwe, kisha akae na wanasheria na ndugu, ahakiki wanufaika wake mwenyewe. Wapo wanaotegemea hati ya uwakilishi wa kisheria. Inasaidia akiwa mzima, lakini kwa kawaida inakoma mwenyewe akipoteza uwezo wa akili. Ikifika huko, njia halali ni kuomba mahakama iteue msimamizi wa mali zake, kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ni safari ndefu na ina gharama, ndiyo maana nasema mapema.

La tatu, msimkatie mzee bima mpya huku mnaficha ugonjwa. Kampuni ikigundua inaweza kukataa kulipa. Na kama trekta lilikopwa kwa jina lake, someni bima ya mkopo. Kwa kawaida hiyo hulipa kwa kifo, na mingine kwa ulemavu wa kudumu. Mzee akisahau, deni halisahau. Nendeni benki mpange upya kabla marejesho hayajachelewa.

Kampuni ikiwazungusha, andikeni malalamiko, mbaki na nakala. Msiporidhika, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Najua kuna watakaosema kuongelea bima ya mzazi aliye hai ni kumtabiria kifo. Mimi naona kumwacha achangie miaka yote halafu haki yake ipotee kwa kusahau ndiyo dharau kubwa zaidi. Wiki hii, kabla hujaenda kununua pembejeo, kaa na mzee wakati ametulia, mwombe akuonyeshe karatasi zake. Mwite na dada yako asikie.